Mwamba Mchanga Husomwa kwa Kuta Mbili: Mwongozo Kamili wa Kujua Mchanga Ulifikaje Hapo

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote huja na picha moja ya simu. Ukuta wa mwamba mchanga, yaani mchanga wa kale ulioganda ukawa jiwe, mistari iliyolala mshazari, na maneno machache: "Mwalimu, hapa maji yalikuwa yanaelekea kushoto, sivyo?" Nimelijibu swali hilo kwa vijana wanaosomea uongozaji wa watalii Arusha, kwa walimu wa jiografia wa Moshi, na kwa watu waliosimama tu kando ya korongo wakavutiwa na walichokiona. Jibu halibadiliki: ukuta mmoja hauwezi kukuambia maji yalielekea wapi.

Kosa la pili hufuata la kwanza. Mtu akiona viwimbi kwenye jiwe, anaandika "bahari". Akiona rangi nyekundu, anaandika "jangwa". Jina la mazingira linaandikwa mwanzoni, kisha vipimo vinalazimishwa kulifuata. Utaratibu ulio hapa chini unafanya kinyume chake. Utaanza kwenye korongo lenye mchanga wa mwaka huu, ambako jibu unaliona kwa macho, ndipo uende kwenye mwamba wa kale ambako jibu limefichwa.

## Vifaa

Vingi vinapatikana dukani kwa vifaa vya ujenzi au tayari viko nyumbani.

- Daftari la jalada gumu na penseli mbili. Wino huyeyuka mvua ikinyesha, penseli haifutiki kwa maji.
- Tepu ya fundi ya mita 5.
- Dira. Ya simu inatosha kwa kujifunzia, lakini soma onyo lililo katika hatua ya 5.
- Kipimapembe cha seti ya hesabu, uzi na nati moja. Funga nati kwenye uzi, upitishe uzi katikati ya kipimapembe, nawe una chombo cha kupimia mwinamo.
- Lupu (kioo cha kukuzia) ya mara 10, ileile wanayotumia madalali wa tanzanite.
- Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu.
- Siki au ndimu.
- Chepe, mwiko wa fundi na brashi ya rangi.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Utepe mpana wa gundi na rula.
- Kwa mwamba mgumu tu: nyundo na miwani ya kukinga macho. Usipige jiwe bila miwani hata mara moja. Kipande cha jiwe gumu kinaruka kama risasi.

Ongeza maji ya kunywa, kofia na mtu wa pili. Huyo mtu wa pili nampa uzito kuliko kifaa chochote hapo juu.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Ruhusa. Korongo lina wenyewe. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ueleze unataka kufanya nini na utafukia shimo lako. Ukiwakuta wachimba mchanga, wasalimie kabla hujafungua begi. "Shikamoo mzee, naomba kuangalia ukuta mliouchimba jana" imenifungulia kuta nzuri kuliko barua yoyote, na mara nyingi mzee huyo anajua mchanga wa plasta unakaa wapi na wa zege unakaa wapi, maana yake anajua tayari nusu ya unachokitafuta.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ikiwemo Oldupai, kutazama ni suala la mgeni wa kawaida, lakini kuchimba, kukwangua au kuokota ni suala la kibali. Mfupa au zana ya jiwe ukiiona popote, iache ilipo na utoe taarifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na hata bila sheria, mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake umepoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Msimu. Agosti na Septemba ndio wakati mzuri: masika yamekwisha, vuli haijaanza, na mchanga bado una unyevu kidogo ndani. Usiingie kwenye korongo siku ambayo mlima umefunikwa na mawingu mazito, hata kama huku chini jua linawaka. Mvua inaweza kunyesha juu msituni na maji yakakufikia ukiwa mahali pakavu kabisa.

## Hatua ya 1: Chimba mchanga wa mwaka huu

Tafuta fungu la mchanga lililobaki katikati au kando ya mto uliopungua, ambalo juu yake viwimbi bado vinaonekana. Kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha unavuka mito kadhaa inayoshuka kutoka Kilimanjaro, Weruweru na Kikafu ikiwa miongoni mwake. Makorongo ya upande wa Monduli nayo yanafaa sana.

Simama, angalia maji yanakoelekea au yalikoelekea, uchore mshale daftarini pamoja na namba ya dira. Hilo ndilo jibu. Sasa tuone mchanga unalisemaje.

Chimba mfereji wenye umbo la herufi L. Mkono mmoja uende sambamba na mkondo, wa pili uukate mkondo kwa nyuzi 90. Kila mkono uwe na urefu wa mita 1 na kina cha sentimita 40 hivi. Usizidi goti. Ukuta wa mchanga hauna dalili kabla ya kuanguka, na mchanga unaofika kifuani unaua.

Lainisha kuta zote mbili kwa mwiko, ukikwangua kutoka juu kwenda chini. Puliza maji kidogo kwa ukungu, subiri dakika chache upepo uanze kukausha. Mchanga laini hushika maji zaidi ya mchanga mnene (wa punje kubwa), kwa hiyo mistari itajitokeza yenyewe, mweusi na mweupe, kana kwamba mtu anaichora mbele yako. Nimeiona mara nyingi sana na bado huwa nanyamaza inapotokea.

Kwenye ukuta unaofuata mkondo utaona mistari iliyolala mshazari, ikiinamia kule maji yanakoelekea. Kwenye ukuta unaoukata mkondo, mara nyingi utaona maumbo ya bakuli yaliyopandana, bila dalili yoyote ya kuelekea huku wala kule.

Sababu ni hii. Maji husukuma punje juu ya mgongo wa tuta dogo la mchanga. Punje zikifika kileleni huporomoka upande wa pili, na kila poromoko huacha utando mmoja ulioinama. Tuta husogea mbele, utando juu ya utando. Kisha tuta jingine linakuja, linakata kichwa cha lile la kwanza na kuacha miguu yake tu. Mwamba wa kale umejengwa kwa miguu hiyo.

Umefaulu kama: unaweza kumwonyesha mwenzako ukuta upi unasema mwelekeo na upi hausemi, bila kutazama maji.

Chukua sumaku uipitishe kwenye mistari myeusi. Kwenye mito inayotoka Kilimanjaro na Meru itajaa manyoya meusi ya madini ya chuma, kwa kuwa milima hii ni ya volkano. Mchanga wa chini ya milima ya Pare, ambako mwamba wake ni wa kale na umepikwa na joto na mgandamizo, ni mweupe zaidi na umejaa kwazi, madini magumu yanayofanana na kioo. Andika tofauti hiyo. Kwenye mwamba wa kale, aina ya punje ndiyo itakayokuambia ni mlima gani ulikuwa unamomonyoka.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni mchanga, si jivu

Hapa kwetu kuna mtego ambao msomaji wa Tanga au Songea hakutani nao sana. Miamba mingi inayofanana na mwamba mchanga karibu na Arusha na Moshi ni jivu la volkano lililoganda.

Tazama kwa lupu. Punje za mchanga wa mto zimesuguliwa kona zake, angalau kidogo. Jivu lina vipande vyenye ncha kali, fuwele zinazong'aa zilizovunjika, na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Kisha rudi nyuma hatua 20 utazame tabaka lote: jivu lililoanguka kutoka angani hufunika mabonde na vilima kwa unene unaokaribiana, kama blanketi, mchanga wa mto hujaza mabonde kwanza.

Jambo la kuangalia ni kwamba mto unaweza kulibeba jivu na kulipanga upya. Hapo andika mambo mawili kwa pamoja: punje zimetoka volkano, mpangilio umefanywa na maji. Usichague moja.

Na ukikuta mawe ya kila ukubwa, kuanzia ya ngumi hadi ya ng'ombe, yakielea ndani ya tope bila mpangilio, hilo ni poromoko la matope. Miteremko ya Meru inayo mengi. Hatua zinazofuata hazilihusu.

## Hatua ya 3: Pima safu kabla ya kufikiri

Ukuta ukiwa msafi, weka tepu wima kutoka chini hadi juu. Anza chini, kwa kuwa mchanga ulianza chini. Kila unapoona badiliko la ukubwa wa punje, rangi au mpangilio, andika sentimita.

Daftarini chora safu wima, kipimo kimoja kwa safu yote: sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 10 za ukuta inafaa kuanzia. Upana wa safu uoneshe ukubwa wa punje, nyembamba kwa tope, pana kwa changarawe. Ukimaliza, umbo la safu lenyewe litakuwa linazungumza.

Mipaka kati ya matabaka iangalie kuliko katikati yake. Je, mpaka ni mkali kama uliokatwa na kisu, au punje zinabadilika polepole? Je, umechimba ndani ya tabaka la chini? Je, juu yake kuna vipande vya tope lililokauka vilivyong'olewa na kubebwa? Mpaka uliochimba, wenye kokoto na vipande vya tope juu yake, ni sakafu ya mkondo wa mto. Ukiupata, umepata mahali pa kuanzia hadithi.

Usiandike neno "mto", "ziwa" wala "bahari" kwenye ukurasa huu. Najua mkono unawasha. Andika unachokiona.

## Hatua ya 4: Pima punje

Wengi huandika "mchanga mdogo" au "mkubwa" kwa kukisia, halafu kila mtu ana mdogo wake. Fanya hivi: chora mstari wa sentimita 1 kwenye utepe wa gundi, upande unaonata. Kwa ncha ya sindano panga punje moja moja zikigusana mpaka mstari ujae, kisha hesabu.

Punje 10 zikijaa, kila moja ni milimita 1. Punje 20 ni milimita 0.5. Punje 40 ni 0.25, na punje 80 ni 0.125. Mchanga mnene ni kati ya milimita 0.5 na 1, wa kati ni 0.25 hadi 0.5, laini ni 0.125 hadi 0.25. Mpaka wa juu wa mchanga ni milimita 2, zaidi ya hapo ni changarawe; mpaka wa chini ni takriban 0.063, na chini ya hapo ni tope. Baada ya kufanya hivi mara tano, bandika punje za kila ukubwa kwenye kadi, nawe utakuwa na kipimo cha kulinganishia kwa jicho.

Andika pia kama punje zinalingana. Mchanga ambao punje zake zote ni za ukubwa mmoja umechekechwa muda mrefu, na upepo au mawimbi, au umetoka kwenye mwamba uliokwisha kuchekechwa zamani. Mchanyato wa mnene, laini na tope ulishushwa kwa haraka.

Kwenye mwamba mgumu dondoshea siki au ndimu mahali palipochubuliwa. Povu dogo, hata la kusikilizwa kwa sikio zaidi ya kuonwa, ni dalili kwamba punje zimegandishwa na chokaa.

## Hatua ya 5: Matabaka ya mshazari na kuta mbili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Siku moja nilikuwa na vijana saba kwenye korongo upande wa Monduli. Ukuta ulikuwa umeenda mashariki-magharibi, mistari ilionekana vizuri sana, ikiinama magharibi kwa nyuzi 13. Wote saba wakaandika: "Maji yalielekea magharibi." Sikuwasahihisha. Nilimwomba mmoja akate ukuta wa pili kwenye kona, uende kaskazini-kusini. Akakata, akapuliza maji, tukasubiri. Mistari ileile ikajitokeza ikiinama kusini, kwa nyuzi 22.

Kijana mmoja akauliza, "Sasa ukuta upi unadanganya?" Hakuna unaodanganya. Kila ukuta unaonyesha sehemu tu ya mwinamo, kama vile paa la nyumba linavyoonekana na mteremko mdogo ukilitazama kwa pembeni na hali mteremko wake halisi ni mkali. Mwinamo wa kweli ulikuwa katikati ya kusini na magharibi.

Kuupata, huhitaji kikokotoo cha bei. Tafuta tanjenti ya kila pembe kwenye majedwali ya hesabu. Ya nyuzi 13 ni 0.23, ya nyuzi 22 ni 0.40. Kwenye karatasi weka nukta. Kutoka hapo chora mstari wa sentimita 2.3 kwenda magharibi na mwingine wa sentimita 4.0 kwenda kusini. Kamilisha mstatili. Ulalo wake, kutoka kwenye nukta hadi kona ya mbele, ndio mwelekeo wa kweli: nyuzi 210 kwenye dira, yaani kusini ukikunja kidogo magharibi. Pima urefu wa ulalo: sentimita 4.6 hivi, sawa na tanjenti 0.46, ambayo ni mwinamo wa nyuzi 25 hivi.

Vijana saba walikuwa wameandika 270. Walikosea kwa nyuzi 60, wakiwa na ukuta mzuri, dira nzuri na macho mazuri. Ukichora ramani ya mto wa kale kwa kosa la namna hiyo, utauelekeza kwenye mlima.

Njia ya mkato: kwenye mwamba mgumu, mara nyingine uso wa utando wenyewe umejitokeza kama kibao. Dondoshea maji. Tone litateremka kwenye mwinamo wa kweli bila hesabu yoyote. Fuata tone kwa dira, pima mteremko kwa kipimapembe na uzi.

Onyo la dira. Mchanga wa volkano una chuma, na tipa la mchanga ni chuma tani kadhaa. Usiweke simu juu ya mchanga mweusi wala karibu na gari, nyundo au sumaku yako mwenyewe. Inua dira usawa wa kifua, upime mara mbili. Namba mbili zikitofautiana zaidi ya nyuzi 5, sogea.

Onyo la mwamba ulioinama. Kwenye miamba ya kale, matabaka makuu yenyewe yanaweza kuwa yameinamishwa baada ya kuganda. Pima mwinamo wa mpaka wa tabaka kuu pia. Ukizidi nyuzi 10, utaurudisha usawa kwanza, kwa programu ya simu ya kuchora mielekeo, ndipo utumie namba za mshazari. Kwenye mchanga wa korongo usijisumbue.

Onyo la mwisho: angalia kama tabaka halijapinduka. Kwenye matabaka ya mshazari, sehemu ya juu hukatwa ghafla na ya chini hujikunja taratibu kugusa sakafu. Ukiona mkunjo uko juu na mkato uko chini, unasoma ukurasa kichwa chini.

Umefaulu kama: kwenye korongo hai, ulalo wako unakaribia mshale uliouchora siku ya kwanza, tofauti isizidi nyuzi 30. Tuta moja moja hukengeuka, ndiyo maana kuna hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Kusanya mielekeo mingi

Kipimo kimoja ni tetesi. Kusanya angalau 25, kila kimoja kutoka kundi lake la matabaka ya mshazari, yaani tando zilizoachwa na tuta moja. Vipimo 25 vya kundi moja vinahesabika kama kimoja.

Usitafute wastani kwa kujumlisha na kugawanya. Chukua vipimo viwili, 350 na 10. Vyote vinaelekea kaskazini. Vijumlishe, gawanya kwa mbili, unapata 180: kusini. Nimekuta kosa hili kwenye kazi za watu wenye shahada.

Chora duara, ligawe vipande 12 vya nyuzi 30, na kila kipimo kiwekee alama kwenye kipande chake, ukianzia katikati kwenda nje, mpaka kila kipande kiwe kama petali ya ua. Petali ndefu ikiwa moja, mkondo ulikuwa na njia moja. Zikitawanyika nusu duara, fikiria mto unaojipinda. Petali mbili zinazotazamana kinyume ni dalili ya maji kupwa na kujaa, lakini hakikisha kwanza kwamba hukuchanganya makundi mawili ya umri tofauti.

## Hatua ya 7: Kina cha maji

Hatua hii inawafurahisha wanafunzi kuliko zote, na inafaa tu kama una hakika kuwa ni matuta ya majini, si ya upepo; dalili za upepo ziko katika hatua ya 8.

Pima unene wa makundi mengi ya mshazari, tafuta wastani. Kwa kuwa kila tuta lilikatwa kichwa, zidisha wastani huo kwa 2.9 upate urefu wa tuta lenyewe. Mto kwa kawaida huwa na kina cha mara 6 hadi 10 ya tuta. Makundi yenye wastani wa sentimita 12 yanakupa tuta la sentimita 35 hivi, na maji ya kina cha mita 2 hadi 3.5. Andika upeo wote, usiandike namba moja. Viwimbi vidogo vya chini ya sentimita 5 hivi usivitumie. Urefu wake haufuati kina.

## Hatua ya 8: Sasa taja mazingira

Fungua safu yako ya hatua ya 3. Andika mazingira mawili yanayowezekana, kisha tafuta kitu kitakacholiua moja.

Mto hujulikana kwa sakafu iliyochimba, punje zinazopungua ukubwa kwenda juu, mielekeo inayokubaliana, na tope lenye nyufa au mizizi juu kabisa. Delta inayosogea ndani ya ziwa hufanya kinyume: tope chini, mchanga mnene juu. Ufukwe una tando nyembamba zilizoinama kidogo sana, na viwimbi vyenye pande mbili zinazolingana, kwa kuwa wimbi huenda na kurudi. Viwimbi vya mkondo vina mgongo mrefu upande mmoja na mteremko mfupi upande wa pili. Ziwa la Jipe lina viwimbi vya mawimbi na halijawahi kuwa bahari, kwa hiyo viwimbi pekee havitoshi kuandika "bahari".

Upepo huacha makundi manene ya mshazari, wakati mwingine mita kadhaa, mchanga laini hadi wa kati unaolingana sana, na karibu hauna tope. Mchanga mkavu huporomoka ukifika nyuzi 34 hivi, kwa hiyo mwinamo wa zaidi ya hapo ni dalili kwamba kuna kitu kimeinamisha mwamba baadaye. Tuna mfano hai: Mchanga Unaohama karibu na Oldupai, tuta la umbo la mwezi mwandamo lililojengwa kwa jivu jeusi la Oldoinyo Lengai, linalosogea magharibi zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Pembe zake mbili zinatazama kule upepo unakoelekea. Ukilitazama upande wake wenye mteremko mkali, unatazama utando mmoja wa mshazari ukiwa mzima, kabla haujakatwa kichwa.

Rangi nyekundu iweke mwisho kabisa. Ni chuma kilichopata hewa, na kinaweza kupata hewa muda mrefu baada ya mchanga kutulia. Pale Oldupai, ukisimama kwenye makumbusho ukatazama nguzo nyekundu ya Tabaka la III bondeni, wekundu wake humfanya mgeni afikiri jangwa. Ndani yake mna mchanga na kokoto za mito.

## Hatua ya 9: Nenda kwenye mwamba wa kale

Ukishaumaliza mfereji wako mara tatu, uko tayari. Magharibi mwa Ziwa Natron, eneo la Peninj, kuna mchanga wa mito na delta wenye umri wa miaka takriban milioni 1.5; taya la Paranthropus boisei, kiumbe wa kale wa ukoo wa karibu na binadamu, lilipatikana hapo mwaka 1964. Kwa miamba mikongwe zaidi panda basi kuelekea Tanga. Karibu na mji huo kuna miamba ya Karoo, ambayo mchanga wake uliwekwa kabla pwani yetu haijawa pwani, wakati Afrika ingali imeshikana na Madagaska na India.

Kwenye Karoo tafuta punje za waridi au nyeupe zenye nyuso bapa zinazong'aa katikati ya kwazi. Ni feldispa, ambayo hali ya hewa ya joto na unyevu huigeuza udongo mfinyanzi haraka. Ikiwa bado imo, mchanga ulisafiri karibu au ulizikwa upesi. Utaratibu ni uleule: safu kwanza, punje, kuta mbili, mielekeo 25, jina mwisho. Tofauti ni kwamba huwezi kukata ukuta wa pili kwa mwiko. Tafuta kona ya mwamba, mkato wa barabara unaojipinda, au machimbo yenye pande mbili. Ukikosa kona, andika "mwinamo wa ukuta mmoja" pembeni mwa kila namba na usiiweke kwenye duara.

## Jaribio la mwisho

Mpe daftari mtu ambaye hakuwa nawe. Asitazame picha. Mwombe achore ukuta wako kwa kusoma safu na namba peke yake, kisha linganisha na picha. Mahali anapouliza "hapa mpaka ulikuwa mkali au wa polepole?" au "ukuta huu ulielekea wapi?" ndipo ulipoacha pengo. Weka alama, na urudi na tepu kabla vuli haijaubomoa ukuta.